Makisio Si Mavuno

Wahenga walisema: Usikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Ndugu zetu wanunuao hisa twawaomba wazingatie haya. Mwanzoni mwa mwaka 2019 kampuni ya Tullow, iliyovumbua mafuta Turkana mwaka 2012, ilikisia kupata mapipa 93,000 hadi 101,000 kwa siku. Yakapatikana kama 87,000. Ilipotangaza Disemba kuwa mwakani yatapungua zaidi, hisa zake zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani kwa siku moja, na gawio likasimamishwa. Kwani kampuni kubwa ina visima nchi nyingi; hii ilitegemea zaidi visima vya baharini Ghana, navyo vilipolegea hapakuwa na vya kufidia. Basi mnunuzi naulize kwanza: mwaka jana waliahidi nini, na walitoa nini?