Nimeolewa kwa Wamoraviani: nihamie?

SWALI: Nilikulia kwa Walutheri, Moshi. Nimeolewa Rungwe, na mzee wa kanisa la huku anadai barua ya usharika wangu wa zamani. Biblia inasema hivyo wapi?

JIBU: Dada, barua hiyo ina mizizi. Apolo alipovuka kwenda Akaya, ndugu walimwandikia barua apokewe (Matendo 18:27). Hata wajane waliotunzwa na kanisa waliandikwa majina, wasiopungua miaka 60 (1 Timotheo 5:9). Muumini alikuwa na watu wanaomjua.

Dhehebu ni habari nyingine. Makanisa ya Agano Jipya yanaitwa kwa miji: Korintho, Efeso, Filipi. Wakorintho walipoanza kujiita wa Paulo, wa Apolo, wa Kefa, Paulo aliwakemea wote, wakiwemo mashabiki wake mwenyewe. Nasi? Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893, Wamoraviani Rungwe 1891. Pengine ungezaliwa huko Rungwe, ungekuwa Mmoraviani tangu utotoni, na usingeniandikia.

Kwa hiyo omba barua, uhamie bila hofu. Ubatizo wako unabaki uleule. Wamoraviani nao hubatiza watoto wachanga. Utakachojifunza upya ni nyimbo.