Mbegu za Duka la Jirani

Msimu wa kupanda ukikaribia, mkulima huingia duka la pembejeo akataja mbegu ya mahindi anayoitaka. Muuzaji anakunja uso. "Hiyo? Mwaka jana watu walilia." Mkulima anasita, kisha ananunua nyingine, ile iliyopo rafuni. Hakuuliza walilia wapi, walikuwa wangapi, na mbegu yenyewe waliinunua kwa nani.

Je, sheria ya Tanzania inamruhusu muuzaji huyu kuisema vibaya bidhaa ya mshindani wake? Inamruhusu, tena bila kumwomba mtu kibali. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake, na mwenye duka naye ni mtu. Kama mbegu haikuota na unaweza kulithibitisha hilo, kulisema si kosa, hata kama kwa kusema hivyo unajivutia wateja.

Ugumu uko kwenye kuthibitisha. Ukishtakiwa kwa kashfa ukajitetea kwamba ulichosema ni kweli, mzigo wa kuonyesha ukweli huo ni wako. Mwenye mbegu halazimiki kuleta mashamba yaliyostawi. Wewe ndiye utakayeleta yaliyogoma. Na "nilisikia" haikuokoi, kwa sababu anayerudia kashfa ya mwenzake hujibu kama aliyeianzisha. Kumbuka pia kwamba mbegu nzuri inaweza kugoma kwa kufukiwa kina kirefu mno, kwa mvua kukatika, au kwa kukaa miezi kwenye stoo yenye joto kali. Kwa hiyo sema ulichokiona na uishie hapo: nilipanda mfuko mmoja, mwezi fulani, udongo wa aina hii, yakaota haya. Msikilizaji atapima mwenyewe.

Neno ninalowaonya wauzaji kulihusu ni "feki". Kusema mbegu fulani haifai kwa udongo wa kwetu ni maoni, na maoni ya kweli ya moyoni, yenye msingi, sheria huyavumilia. Kusema ni feki ni kudai kwamba kuna mtu ametia nafaka ya kula kwenye mfuko wa mbegu akaiuza. Hiyo ni tuhuma ya jinai dhidi ya mtu anayejulikana mtaa mzima. Nashangaa jinsi watu wanavyolitamka kirahisi, kana kwamba maana yake ni "siipendi".

Lipo jambo jingine, na kwa hili sina huruma hata kidogo. Kuna muuzaji anayesimama kwenye mkutano wa wakulima akajifanya mkulima mwenzao, akasimulia hasara aliyopata kwa bidhaa ya jirani, asiseme kwamba ana duka. Kuna na mtaalamu anayelipwa kamisheni na kampuni moja, akashauri watu waikimbie nyingine, kimya kuhusu kamisheni hiyo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 kinakataza mwenendo wowote katika biashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Kwa maoni yangu, kujificha namna hiyo kunaweza kuangukia humo hata kama kila neno lililosemwa kuhusu mbegu ni la kweli, maana mkulima angelipima kwa jicho jingine kama angejua linatoka kwa nani. Tiba yake ni sentensi moja: "Mimi nauza mbegu za kampuni ile, lakini nisikilizeni."

Ukiandika na kusambaza kwa simu, ongeza tahadhari. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamlenga anayechapisha habari akijua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu au kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Na kama wewe ndiye uliyesemwa? Usimfuate mtu dukani kwake kumtolea maneno. Utampa naye kesi. Hifadhi ujumbe ukiwa na tarehe, andika majina ya waliosikia, mwandikie aliyesema ukimtaka asahihishe mbele ya watu walewale. Akikataa, wakili atampa notisi na mahakama ipo. Malalamiko ya upotoshaji katika biashara yapeleke Tume ya Ushindani.

Wewe mkulima, ukiambiwa mbegu uliyonunua ni mbovu, usiutupe mfuko. Utunze pamoja na lebo, risiti na mbegu chache zilizobaki, uvipeleke kwa Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu, TOSCI, ambayo makao yake makuu yako Morogoro. Kupima uotaji ni kazi yao, na hawana duka.