Steringi Anatoka Wapi?

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi huko Geita, niliwaambia wanafunzi wa darasa la tano wachore shujaa mwenye nguvu za ajabu. Karibu wote walichora mtu mwenye barakoa akiruka juu ya maghorofa. Binti mmoja akachora mama aliyebeba ndoo ya magwangala kichwani, na pembeni ya mdomo akamwandikia salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka". Akanieleza kuwa mama huyo akiligusa jiwe tu, anajua kama lina dhahabu. Nikamjibu, "Huyo siyo shujaa wa filamu, chora upya." Akafuta.

Nilikosea, na makala hii ni marekebisho ya somo lile.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, iwe Kahama, Katoro au Shinyanga mjini, tunajua kanuni moja: steringi hafi. Tulichosahau kuuliza ni nani anayeruhusiwa kuwa steringi.

Chukua katuni ya Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018, iliyopata Oscar mwaka 2019. Humo mashujaa kutoka malimwengu tofauti wanakutana. Yumo Gwen, yumo Peni Parker mwenye asili ya Kijapani na roboti yake, hata nguruwe yumo! Ila steringi ni Miles Morales, kijana wa Brooklyn. Baba yake ni Mmarekani mweusi, mama yake ana asili ya Puerto Rico. Mama anapochanganya Kihispania nyumbani, filamu haihangaiki kumtafsiria mtazamaji.

Hapa tutofautishe kuonekana na kuwakilishwa. Kuonekana ni kuwekwa kwenye picha. Kuwakilishwa ni kuwa na kwenu, lugha yenu, na sauti ya kuamua hadithi iende wapi. Peni anaonekana, lakini maisha ya kwao hatuyajui sana. Miles anawakilishwa.

Sehemu ya pili, Across the Spider-Verse ya mwaka 2023, inamleta Pavitr Prabhakar wa Mumbattan, jiji la kubuni linalounganisha Mumbai na Manhattan. Miles anapotaja "chai tea", Pavitr anamjia juu, maana ni kama kusema "chai chai". Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Na Miles mwenyewe anaambiwa kwamba hakutakiwa kuwa Spider-Man, kwa sababu buibui aliyemng'ata alitoka ulimwengu mwingine. Anakataa kupangiwa hadithi yake.

Huku kwetu mambo yameanza. Kenya ilitoa Super Sema mwaka 2021, katuni ya binti shujaa wa Kiafrika. Mwaka 2023 ikaja Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni fupi za Kiafrika. Ndani yake Raymond Malinga wa Uganda, katika Herderboy, amempa usteringi kijana mchunga ng'ombe. Mtoto wa Kishapu akiiona hiyo, ataacha kuona aibu kwamba Jumamosi anakwenda machungani. Na sisi tunaye Mwanamalundi, ambaye wazee wa Kisukuma wanasimulia kuwa alinyooshea miti kidole ikakauka. Kama hizo siyo nguvu za ajabu, ni nini?

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu mtarajiwa, ukitumia filamu darasani, uliza maswali matatu. Shujaa huyu kwao ni wapi, na tunapajua? Akiwa na watu wake anaongea lugha gani? Linapofika jambo kubwa, nani anaamua? Kisha waache watoto wachore wa kwao, na usimpe mtu kifutio kabla hajamaliza kueleza.

Yule binti alikuwa ameshayajibu yote matatu kwa penseli moja. Aliyefeli siku ile ni mwalimu.