SOMO LETU: MIKOKO NA ULINZI WA PWANI

Ndugu Wanachama,

Huenda mtu akauliza: sisi ni watu wa karafuu, mikoko yatuhusu nini? Jibu ni hili. Mikarafuu yetu iko vilimani, lakini mpunga wetu uko mabondeni, na hapa Pemba yapo mabonde ambayo maji ya chumvi yamekwisha kuyaingia. Bonde likiharibika, fedha ya karafuu huishia katika mchele wa dukani.

Tuwatazame wenzetu wa Dar es Salaam. Upande wa Kinondoni, huko Kunduchi na Mbweni, mikoko ilikatwa kwa boriti, kuni, tanuri za chokaa na mashamba ya chumvi. Upande wa Temeke, huko Mtoni, msitu ulipungua vivyo hivyo. Mwaka 1987 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko Bara. Lakini marufuku peke yake haioteshi mti. Ndipo wakazi wakashuka topeni kupanda. Kwao twajifunza mambo matatu.

Kwanza, kila mti na mahali pake. Mlilana husimama mbele, ukielekea bahari. Mkoko hufuata, penye tope laini kando ya hori. Mkandaa hukaa nyuma, panapofikiwa na maji ya bamvua. Ufuko wa mchanga unaopigwa na mawimbi si mahali pake. Ufuko wa Kunduchi uliliwa, na miongoni mwa sababu ni kuwa watu walichimba mchanga wa mito iliyokuwa ikiulisha. Ugonjwa huo dawa yake si mikoko.

Pili, mbegu. Mkarafuu hutaka kitalu na kivuli, mkoko hautaki. Tunda lake huchipua lingali mtini, likawa refu kama fimbo. Chagua lililokomaa, lisilotobolewa na wadudu. Lichomeke theluthi yake topeni, ncha ikiwa chini, hatua moja baina ya mche na mche.

Tatu, na ndilo kubwa, ulinzi. Miche huliwa na kaa, hukanyagwa na watu, hulazwa na takataka za maji. Siku ya kupanda ni moja. Kuzuru na kuziba mapengo ni kazi ya miaka. Mizizi ikishikana, hupunguza nguvu ya wimbi na kukamata tope, na samaki na kamba hupata malezi.

Basi kila tawi likatazame hori lake, na kabla ya kupanda mmoja, tuache kukata ulio hai. Bandu bandu huisha gogo.

Wenu,
Katibu wa Chama