Begi Kubwa Kuliko Mtoto: Vidokezo Kabla ya Kumpeleka Chekechea

Agosti ikiingia, mtaa wetu wote wa Mutakura, Bujumbura, huzungumzia minervali, yaani karo ya shule. Kwenye foleni ya maji, dukani, mlangoni mwa kanisa, swali ni lile lile: wako ana miaka mingapi sasa, na mbona bado yuko nyumbani? Mama mwenye mtoto wa miaka miwili na nusu anajikuta akijitetea kana kwamba ameshtakiwa. Mtoto wa jirani tayari anaimba kwa Kifaransa; wa kwake anafukuza kuku. Basi, kabla hujampelekea fundi kitambaa cha sare, pitia haya.

1. Tenganisha milango miwili

Watu husema "kuanza mapema" wakimaanisha mambo mawili tofauti. La kwanza ni kumwingiza mtoto chekechea akiwa na miaka mitatu au pungufu kidogo. La pili ni kumrusha hadi darasa la kwanza kabla hajatimiza miaka sita. Burundi, chekechea ni ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano, na haimlazimishi mtu. Shule ya msingi ndiyo inayomsubiri akiwa na sita, na humo ataanza safari ya miaka tisa ya shule ya fondamentali.

Mlango wa kwanza unafunguka pande zote mbili: ukiona hapendi, unamrudisha nyumbani na hakuna lililoharibika. Mlango wa pili haurudi nyuma kirahisi. Ushauri wangu wote hapa chini unasimama juu ya tofauti hiyo.

2. Jiulize kwa nini, na ujijibu ukweli

Wazazi wengi husema, "Mtoto wangu ana akili sana, nyumbani anachoka." Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi sababu yenyewe ni kwamba mama anatakiwa awe soko la Cotebu asubuhi na mapema, baba anafanya kazi mjini, yaya ameondoka bila kuaga, na bibi yuko mlimani na mashamba yake. Hiyo si sababu ya aibu. Ni sababu nzuri kabisa, ila inabadilisha unachotafuta. Anayetafuta malezi salama ya nusu siku aangalie geti, choo, uji na mikono ya Madamu, yaani mwalimu. Hana haja ya kulipia zaidi kwa sababu shule inajisifu kufundisha kusoma kabla ya miaka minne.

3. Mwangalie mtoto, usiangalie wa jirani

Mtoto aliye tayari anaweza kusema kwamba anataka kukojoa, na mtu asiye mama yake akamwelewa. Anakula mwenyewe, hata akimwaga nusu. Anaweza kushinda asubuhi nzima kwa shangazi bila kulia mpaka atapike. Ukimwambia "chukua kiatu, kiweke pale", anafanya yote mawili.

Kujua herufi hakumo humo, wala kuhesabu hadi ishirini mbele ya wageni. Hayo tunayafurahia sisi wakubwa.

4. Tembea njia hiyo kwa miguu yake

Usipime umbali kwa hatua zako. Mshike mkono, nendeni pamoja siku ya kawaida, na utajua kama anafika akiwa na nguvu ya kucheza au ya kulala tu. Kisha jiulize njia hiyo itakuwaje mvua zikianza, kwa sababu muhula wa Septemba na mvua hutembea pamoja. Sisi wa kaskazini mwa Bujumbura hatuhitaji kukumbushwa maji yanaweza kufanya nini: usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mafuriko yaliua watu zaidi ya sitini katika mitaa ya upande huu, Kamenge na Kinama zikiumia vibaya. Mfereji ambao wewe unauruka bila kufikiri, kwa mtoto wa miaka mitatu ni mto.

Halafu kuna usafiri. Tangu Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji za abiria zilizuiwa kuingia katikati ya mji, na uhaba wa mafuta wa miaka hii umewafundisha watu kusimama saa nzima wakingoja basi. Shule nzuri iliyo mbali, ya mzazi kumpitisha mtoto akielekea kazini, inaonekana mpango mzuri siku ya kujiandikisha. Ifikapo Novemba, mtoto anaamshwa saa kumi na moja alfajiri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana. Piga hesabu mwenyewe: analala saa ngapi kwenu?

Kwa umri huu, chekechea ya wastani iliyo mtaani, inayofikika kwa dakika kumi, inaishinda yenye jina kubwa ng'ambo ya mji.

5. Usiishie ofisini

Ofisi za shule zote zina kalenda, ua la plastiki na mkurugenzi mcheshi. Omba kuingia darasani, ukae kimya kwenye kona nusu saa. Ukikataliwa, umepata jibu.

Hesabu vichwa. Tazama watoto wananawia wapi mikono. Nusa choo, ndiyo, nusa. Sikiliza Madamu anaongea vipi na yule anayelia, maana wa kwako atakuwa ndiye huyo wiki ya kwanza. Na ukikuta watoto wa miaka mitatu wamepangwa kwenye madawati wakinakili mistari ya "a" mpaka mwisho wa ukurasa, shukuru, aga, uondoke.

Kucheza ndiyo kazi yenyewe ya chekechea, na si mtindo wa juzi. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya aina hii mwaka 1837 kule Bad Blankenburg, aliwapa watoto mipira na vipande vya mbao vya kujengea. Maria Montessori alifungua ya kwake Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, na hapo ndipo panaponikumbusha kwetu: mtaa wa watu wa kipato kidogo, wazazi kazini mchana kutwa, watoto wadogo wakibaki ngazini bila mtu. Mombasa nako, miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu walitaka watoto wao waingie shule wakiwa tayari bila kuacha dini. Wakfu wa Aga Khan ukaleta msaada, mwalimu Bi Swafiya Said akaongoza, na zikazaliwa chekechea za madrasa ambazo baadaye zilifika Zanzibar na Uganda. Vifaa vingi vilitengenezwa kwa vitu vya pale pale: mbegu, vifuu, vitambaa. Kwa hiyo usitishwe na shule isiyo na midoli ya dukani. Tishwa na shule ambayo watoto wake hawashiki chochote.

6. Lugha: punguza haraka

Najua nitawaudhi wengine. Chekechea inayojigamba kwamba Kirundi na Kiswahili havisikiki ndani ya geti lake inawavuta wazazi kweli kweli. Lakini mtoto wa miaka mitatu anahitaji kwanza mahali pa kusema "tumbo linaniuma" kwa lugha anayoijua. Miaka ya kwanza ya shule ya msingi hufundishwa kwa Kirundi, Kifaransa kikichukua nafasi baadaye, na Kiswahili na Kiingereza vipo kwenye ratiba tangu vilipoingizwa miaka ya 2000. Hatakosa lugha za kujifunza. Nyimbo za Kifaransa ni nzuri. Zimkute mtoto ambaye tayari ana maneno ya kuombea maji.

7. Uliza juu ya uji

Hili huwa halimo kwenye karatasi ya matangazo, nalo kwangu linashinda mengi. Uchunguzi wa afya ya jamii wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa kwa lishe duni. Mtoto aliyeondoka nyumbani na chai kavu hatakaa asikilize hadithi, hata mwalimu awe bingwa. Chekechea inayotoa kikombe cha uji wa sosoma saa nne, wenye soya, mtama na mahindi, inakufanyia zaidi ya inayotoa komputa. Kama haitoi, uliza kama unaruhusiwa kumfungia chakula, na nani atamfungulia kopo.

Ukilazimika kuchagua kati ya minervali ya mtoto wa miaka mitatu na mayai, ndagala na maharage ya nyumba nzima, nunua chakula. Chekechea itakuwepo mwakani.

8. Jiandae kwa kamasi

Mwezi wa kwanza ataleta mafua, kikohozi na labda tumbo. Ni kawaida. Chanjo ziwe zimekamilika. Kumbuka pia kwamba tangu Mei 2006 watoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure katika vituo vya umma. Homa isingoje Jumamosi.

9. Usimwongezee umri

Sasa tuko kwenye ule mlango wa pili. Mtoto ana miaka mitano, chekechea anaimaliza vizuri, buletini yake imejaa sifa, na mtu anakunong'oneza kwamba cheti cha kuzaliwa kinaweza "kurekebishwa" kidogo aingie darasa la kwanza. Utaokoa mwaka mzima wa gharama, anasema.

Usikubali. Kuwa mdogo kuliko wote darasani kuna bei. Watafiti wa British Columbia, Kanada, walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa watoto wa shule za msingi: wavulana waliozaliwa Desemba, ambao ndio wadogo zaidi darasani kule, walikuwa na uwezekano wa asilimia 30 zaidi kuambiwa wana tatizo la kutotulia kuliko waliozaliwa Januari. Kwa wasichana tofauti ilifika asilimia 70. Huenda baadhi yao hawakuwa na ugonjwa wowote zaidi ya udogo. Sasa mpeleke mtoto huyo kwenye darasa letu la msingi, wanafunzi wamejaa benchi, mwalimu mmoja, na uone nani atagundua kwamba yule anayechezea kifutio ni mdogo tu.

Huku kwetu kurudia darasa ni jambo la kila mwaka. Mwaka uliouiba kwenye cheti unaweza kuulipa darasa la pili, pamoja na aibu yake. Finland, ambayo watu hupenda kuisifia elimu yake, huwaanzisha watoto darasa la kwanza mwaka wanaotimiza saba.

10. Kuna njia ya katikati

Si lazima iwe siku tano. Mwombe mkurugenzi asubuhi tatu kwa wiki. Wengine hukubali kuliko kupoteza mteja. Mkiwa akina mama watatu au wanne mnaoaminiana, mnaweza kupokezana: leo kwako, kesho kwangu, mkeka mmoja, vizibo vya chupa vya kuhesabu, makopo ya kupanga. Bibi akija kutoka mlimani, mwache afungue vitendawili vya Kirundi jioni kwa kuita "Sokwe!" na watoto wajibu; vitendawili hivyo vinafundisha kusikiliza bila minervali.

Mradi mmoja wa Marekani uliosifiwa sana, wa chekechea ya Perry, mjini Ypsilanti, ulioanza mwaka 1962, uliwaweka watoto darasani kama saa mbili na nusu tu asubuhi, kisha mwalimu akawatembelea nyumbani kila wiki. Watoto wale walifuatiliwa hadi utu uzima na wengi wakawa mbele ya wenzao. Saa zilikuwa chache. Nyumba ndiyo iliyoingizwa kwenye mpango.

11. Mpe wiki sita, kisha amua

Kilio cha getini wiki mbili za kwanza hakihesabiki. Kinachohesabika ni anavyokuwa mchana: anakula, anataja jina la mwenzake, anaimba anapooga? Basi mwache. Lakini kama aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani ameanza tena na haachi, ameacha kuongea, au anaficha viatu kila asubuhi mpaka wiki ya sita, mtoe. Waambie majirani kwamba atarudi Septemba ijayo, na mwende zenu.

12. Nenda Mei au Juni

Agosti, wakati wa kuandikisha, madarasa ni matupu na kila shule inapendeza. Nenda kabla mwaka wa masomo haujafungwa, watoto wakiwa ndani, kelele zikiwepo, uji ukiwa jikoni. Ukiulizwa umri wa mwanao, taja ule ule ulio kwenye cheti.