Moshi una saa yake: kuchunguza lori kuukuu la jeshi kabla ya kushusha injini

Mzee mmoja wa Tanga, dereva mstaafu wa masafa marefu, alihamia kwa bintiye huko Minnesota, Marekani, na hakukaa mwaka kabla ya kununua gari la kazi. Alikwenda kwenye mnada wa mali chakavu za jeshi akarudi na lori aina ya M35A2: magurudumu kumi, kijani kilichofifia, bomba la moshi limesimama wima ubavuni mwa kibanda mfano wa dohani. Kazi yake ingekuwa kubeba kuni za mkwewe. Asubuhi ya kwanza alipoliwasha, majirani walidhani nyumba inaungua.

"Shikamoo mzee. Lori linasemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Lori lipo, ila moshi huu utanihamisha mtaa. Fundi kaja, kasikiliza dakika tano, kasema ringi zimekwisha, tushushe injini."

Dakika tano. Ndani ya muda huo injini ile haijapata hata joto, na kwa lori la aina hii hilo ndilo kosa la kwanza. Nilimwomba mzee asiguse spana. Tulichohitaji siku ile ni kipande cha boksi jeupe, tochi, kitambaa na saa ya mkononi.

Jedwali la rangi karibu kila dereva analijua. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, wa bluu ni oili inayoungua, mweupe ni dizeli isiyoungua au maji. Si uongo. Lakini rangi inakuonyesha mtaa tu. Nyumba yenyewe unaonyeshwa na saa. Moshi mweupe wa dakika tatu za asubuhi na moshi mweupe unaoendelea baada ya kilomita ishirini ni magonjwa mawili tofauti, na bei zake hazikaribiani. Kwa hiyo andika: unatoka wakati wa kuwasha, wakati wa kupanda mlima ukiwa na mzigo, wakati wa kuteremka, au ukikanyaga mafuta baada ya gari kusimama linanguruma? Andika na harufu. Dizeli mbichi inauma macho. Oili inanuka kama kikaango kilichosahauliwa jikoni. Maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kuganda yana utamu fulani puani.

M35A2 ina injini ya silinda sita yenye ujazo wa lita 7.8, iliyobuniwa ili jeshi lisikwame kwa kukosa aina moja ya mafuta. Inakunywa dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege za jeti, na kwa shida hata petroli. Ndani ya kibanda kuna kibati kinachoorodhesha vinywaji hivyo. Uwezo huo ulitokana na mfumo wa uchomaji wa kampuni ya MAN ya Ujerumani. Katika injini nyingi za dizeli, nozeli inapuliza mafuta kwenye hewa ya moto. Humu sehemu kubwa ya mafuta inapakwa kwenye ukuta wa shimo la mviringo lililo kichwani mwa pistoni, kisha joto la ukuta huo ndilo linaloyageuza mvuke yapate kuungua. Ukuta ukiwa baridi, mafuta hayageuki vizuri. Yanatoka nje nusu mabichi, meupe, yakiuma macho.

Hivyo basi, kwa lori hili, moshi mweupe asubuhi ya baridi ni tabia kabla ya kuwa ugonjwa. Swali ni unakwisha lini. La mzee halikuisha. Tuliliacha lingurume dakika ishirini na bado lilitoa wingu. Nilishika boksi kama nusu mita kutoka mdomo wa bomba kwa dakika moja. Likarudi na vitone vya kahawia vyembamba, vyenye harufu ya dizeli, visivyoteleza kama oili. Ndipo nikatazama sindano ya joto kwenye dashibodi. Gari za jeshi la Marekani zinapima kwa Farenhaiti, na sindano ilisimama 130, yaani nyuzi kama 54 za Selsiasi. Ilipaswa kukaribia 180, ambayo ni 82.

Themostati ilikuwa imekwama wazi. Maji ya rejeta yalizunguka muda wote, na injini haikupata nafasi ya kupata joto. Ukitaka uhakika, ichomoe uitie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uiweke jikoni. Nzima hukaa imefumba, ikaanza kufunguka kwenye nyuzi zilizoandikwa juu yake. Ya mzee ilikuwa wazi ikiwa bado mkononi. Wenzetu wa nchi za joto wana desturi ya kuing'oa themostati na kuitupa "ili gari lisichemshe". Wanaponya kisichoumwa. Injini ya dizeli inayofanya kazi baridi inatoa moshi, inalowesha silinda kwa mafuta yasiyoungua, na inakula ringi mapema.

Dada wa tatizo hilo ni kuliacha gari likinguruma kwa saa nzima bila kazi. Mafuta yasiyoungua hujikusanya kwenye bomba na turbo hadi yanavuja kwenye maungio kama uji mweusi. Mwenye gari akiona uji ule hudhani ni oili, hudhani turbo imekufa. Kabla ya kununua turbo, lipakie lori mzigo ulitembeze mwendo wa saa moja au mbili, joto likiwa sawa. Mara nyingi uji unaungua, bomba linakauka, na lori lililokaa miaka uwanjani hata ringi zake zilizogandamana zinaachia. Usifanye hivyo kama kiwango cha oili kimepanda, sababu nitaifikia.

Kuna vyanzo vingine viwili vya moshi mweupe. Injini hizi zina kifaa cha kupasha hewa inayoingia, kinachonyunyiza mafuta na kuyawasha ndani ya njia ya hewa ili gari liwake kwenye baridi kali. Vali yake ikivuja, dizeli inadondoka kwenye njia ya hewa muda wote. Funga bomba dogo linalokipelekea mafuta, uone kama moshi unapungua. Cha pili ni gasketi. Injini ina silinda hedi mbili, kila moja ikifunika silinda tatu, na gasketi zake hazisifiki kwa uvumilivu. Ukiona maji yanapungua bila kuvuja chini, mapovu kwenye rejeta injini ikinguruma, na ule utamu puani, hapo kufungua kunahusika. Kifuniko cha rejeta fungua injini ikiwa baridi tu.

Moshi mweusi ni rahisi kuuelewa, na ndio wanaougombania wenye malori haya, maana wengine wanaupenda. Anza na filta ya hewa. Itoe nje utazame mwanga kupitia karatasi yake. Usiipige chini, usiipulize kwa kompresa ya nguvu, karatasi inatoboka. Tazama hosi kati ya turbo na injini, kaza klampu zake. Turbo iliwekwa kwenye injini hii hasa ili kupunguza moshi kwa kuongeza hewa, hivyo hewa ikivujia njiani moshi unarudi palepale.

Hewa ikiwa sawa, uliza nani aliwahi kugusa pampu. Kwenye pampu ya M35A2 kuna kifaa kinachopima wepesi wa mafuta na kuongeza kiasi pale yanapokuwa mepesi, ili nguvu isipungue ukibadili kinywaji. Wamiliki wengi wa Marekani wamekiruka au wamekaza skrubu za pampu wapate nguvu zaidi. Nguvu wanapata, na moshi mweusi, na joto la ekzosi linaloweza kuyeyusha pistoni. Aliyeongeza mafuta bila kufunga kipimo cha joto kwenye ekzosi amefumba macho akiendesha. Rudisha pampu kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Hii si kazi ya bisibisi chini ya mwembe.

Jambo moja husahaulika: breki. Lori lililolala miaka kumi hushika breki kwenye gurudumu moja au mawili. Injini inavuta gari na breki pamoja, dereva anakanyaga zaidi, moshi unakuwa mweusi, na watu wanafungua nozeli. Tembea kilomita kumi, simama, sogeza kiganja karibu na kila ringi la gurudumu bila kuligusa. Lililo la moto kuliko wenzake limejitaja.

Na kuna mwinuko. Nairobi, mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Mombasa. Injini isiyo na turbo iliyopimwa pwani itatoa moshi mweusi ikifika bara ikiwa na mzigo, bila kuumwa chochote. Huko Marekani, barabara kuu ya Colorado inapita kwenye handaki la Eisenhower, mita kama 3,400, na hata lori lenye turbo linahema. Punguza gia, punguza mguu.

Mafuta yenyewe pia yachunguze. Fungua koki za chini za filta za dizeli, kinga kwenye chupa ya kioo, iache dakika kumi. Maji yatakaa chini, na ute wa vijidudu utaonekana kama makamasi meusi. Kwa kuwa lori hili linakunywa kila kitu, wamiliki wamezoea kulinywesha oili chafu na mafuta ya kukaangia. Linakubali, kisha nozeli zinajenga kaboni na kupuliza vibaya. Fuso au Isuzu lako usilijaribie hayo. Pampu yake inategemea dizeli safi kwa ulainisho, na dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaila polepole. Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuukata mchezo huo.

Sasa bluu. Ukitoka kwa wingi sekunde chache wakati wa kuwasha kisha ukapotea, shuku sili za vali: oili iliteremka usiku. Ukitoka unapokanyaga baada ya kunguruma muda mrefu, shuku sili za turbo. Vua hosi ya hewa, pitisha kidole ndani. Ukungu wa oili ni kawaida, kidimbwi si kawaida. Ukitoka muda wote, hasa na mzigo, fungua kifuniko cha kumiminia oili injini ikinguruma. Pumzi kidogo si neno. Ikisukuma moshi kama sufuria ya maharage, ringi au silinda zimechoka, na hapo yule fundi wa dakika tano atakuwa amepatia, ila kipimo cha kompresheni ndicho kitoe hukumu.

Kabla ya yote hayo vuta kijiti cha oili. Kiwango kikiwa juu kuliko ulivyokiacha, na oili ni nyepesi yenye harufu ya dizeli, usiwashe. Dizeli inavujia ndani, mara nyingi kupitia pampu. Oili iliyochanganyika haishiki vyuma, na ikizidi inaweza kunyonywa na injini ikageuka kuwa mafuta yake. Hapo injini inapanda mzunguko yenyewe, na kuvuta kizimio hakusaidii, maana kizimio kinakata dizeli ya pampu tu. Kinachoizima ni kuziba mdomo wa hewa. Weka karibu ubao mpana au kipande kinene cha mpira kila unapolijaribu gari usilolijua. Kamwe si kiganja.

Kutafuta nozeli mbovu, legeza nati ya bomba la kila nozeli moja baada ya nyingine, injini ikinguruma, ukiwa umefunika kwa kitambaa na kuvaa miwani. Ukilegeza nzima, mlio unayumba. Ukilegeza mbovu, mlio haubadiliki sana lakini moshi unapungua. Weka mkono mbali na mchirizo. Dizeli ya presha ile hupenya ngozi na kuacha tundu dogo kama la sindano lisilouma mwanzoni; mtu akipatwa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo na aseme wazi kwamba ni dizeli ya presha, kwa sababu anaweza kupoteza kidole au mkono. Na usifanye jaribio lolote ndani ya banda lililofungwa, hata baridi ikiwaje. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Themostati mpya ya mzee ilifungwa Jumamosi. Jumapili tulipakia kuni tukazunguka mashambani saa moja na nusu. Nusu saa ya kwanza bomba lilitema masizi na vipande vya ule uji mkavu, tukafunga vioo. Tuliporudi sindano ilikaa 180, na mdomo wa bomba ulitetemesha hewa tu. Kesho yake asubuhi lilipowaka likatoa pumzi moja ya bluu, ikapotea. Nilimwambia ni sili za vali.

"Hizo nazo tunafungua?"

"Inakula oili kiasi gani, mzee?"

Akavuta kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. "Haijashuka."

Akafunga boneti.