Nguvu si Ubora: Maswali na Majibu Kuhusu Kutega Dishi na Kuchagua Mita

Ukisikia fundi juu ya paa anapaza sauti, "Imeingia?" na mtu sebuleni anajibu, "Bado!", ujue wanasaka mawimbi kwa kubahatisha. Kazi hiyo ina hesabu zake, na ukizijua unaweza kuifanya mwenyewe au kumsimamia fundi bila kudanganywa. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa mara nyingi.

Hapa Dar es Salaam dishi la Azam la jirani linatazama magharibi. La kwangu la DStv limelala kama linatazama utosini. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea. Setilaiti hizi zote zimepangwa juu ya mstari wa Ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Huko juu zinazunguka kwa mwendo ule ule wa dunia kujizungusha, hivyo kwetu huonekana zimesimama mahali pamoja. Azam TV hutumia setilaiti iliyoko digrii 7 mashariki, na DStv ya ukanda wetu iko digrii 36 mashariki. Dar es Salaam iko kwenye longitudo ya 39 hivi, kwa hiyo ile ya 36 iko karibu kabisa na utosi: mwinuko wake ni digrii 81. Ile ya 7 iko mbali upande wa magharibi, dira ikisoma kama 281 na mwinuko digrii 52.

Nahamia Mwanza. Nikifunga dishi kwa vipimo vile vile litashika?

Halitashika. Ukiwa Dar, setilaiti ya 36 iko kaskazini-magharibi, dira 334. Ukifika Mwanza umeshaipita kwa upande wa magharibi, kwa hiyo unaitafuta kaskazini-mashariki, dira 51, mwinuko 85. Ile ya digrii 7 inasogea kidogo tu kwenye dira, hadi 275, lakini inapanda hadi mwinuko wa digrii 60. Zipo programu za simu zinazokupa vipimo vya mahali ulipo. Ila usisome dira ya simu ukiwa umeegemea nguzo ya chuma au umesimama juu ya bati, maana chuma huipotosha. Soma ukiwa uwanjani, chagua alama ya mbali kama mnazi au kona ya nyumba, kisha panda ukaielekee.

Nimeweka mwinuko wa 52 lakini dishi linaonekana limesimama mno. Nililaze zaidi?

Liache. Madishi mengi ya nyumbani yameundwa LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, ikae chini, pembeni ya njia ya mawimbi, ili isiyazibe. Kwa sababu hiyo uso wa dishi hauelekei moja kwa moja kule linakopokea. Tofauti ni digrii 25 hivi, kutegemea mtengenezaji. Mwinuko wa 52 utauona kama dishi lililolala nyuma digrii 27 tu. Fuata namba zilizochongwa kwenye kishikio cha dishi, si jicho. Lakini namba hizo ni za kweli pale tu nguzo inapokuwa wima, kwa hiyo ipime kwa pimamaji pande mbili kabla ya kupandisha dishi.

Nasaka vipi sasa?

Kaza nati kiasi cha dishi kushikilia lakini liweze kusogea. Weka mwinuko, kisha lizungushe polepole sana kulia na kushoto. Kwenye nguzo ya kipenyo cha sentimita 6, digrii moja ni kama nusu milimita ya mzunguko wake. Dishi la sentimita 90 likikosea digrii moja tu hupoteza karibu nusu ya mawimbi. Kwa hiyo sogeza kidogo, subiri sekunde chache mita isome, ndipo usogeze tena.

Ukishaipata setilaiti, usikaze papo hapo. Endelea kulia hadi ubora uanze kushuka, weka alama kwenye nguzo. Rudi kushoto hadi ushuke kiwango kile kile, weka alama nyingine. Mahali pako ni katikati ya alama hizo. Fanya hivyo hivyo kwa mwinuko. Mwisho zungusha LNB ndani ya kishikio chake, kwa sababu mawimbi huja kwa mikao miwili, ya wima na ya mlalo, na LNB iliyokaa upande huyachanganya. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, ukiangalia mita; nati ikikazwa upande mmoja kwanza dishi huhama.

King'amuzi kinaonyesha nguvu 90 na ubora sifuri. Inawezekanaje?

Nguvu ni jumla ya kila kinachoingia kwenye waya, pamoja na mvumo wa LNB yenyewe. Ubora ni kiasi gani king'amuzi kinaelewa. Kariakoo saa sita mchana kuna sauti nyingi sana, lakini kumsikia mtu mmoja anasema nini ni jambo jingine. Nguvu 90 na ubora sifuri mara nyingi maana yake umeshika setilaiti nyingine, au hujashika yoyote, au masafa yaliyoingizwa kwenye king'amuzi si sahihi.

Basi ninunue mita ipi?

Fainda ndogo ya mshale na mlio ni ya bei nafuu, lakini inapima nguvu tu. Haijui setilaiti moja na nyingine, na hata ukuta au mti wenye joto huweza kuinua mshale. Inamfaa mwenye dishi moja ambaye ataikagua kazi yake kwenye skrini ya king'amuzi. Zima king'amuzi kabla ya kuunganisha fainda, kiwashe tena, kisha punguza kitufe cha fainda hadi mshale ukae katikati. Ukibaki juu kabisa hutaona tofauti yoyote.

Kama unafunga kwa ajili ya watu, nunua mita ya kidijitali. Iwe inasoma DVB-S2, si DVB-S peke yake, iwe na betri yake inayoipa LNB volti 13 na 18, na ionyeshe ubora kwa desibeli. Hiyo inakuthibitishia kuwa umeshika setilaiti uliyoikusudia. Pia inapima waya: ubora ukiwa mzuri kwenye dishi na mbaya sebuleni, tatizo ni waya au konekta, na dishi lisiguswe.

Mita ya kuchora wigo mzima wa mawimbi waachie wanaofunga hotelini na kwenye majengo makubwa.

Mvua ikianza tu, picha zinaganda. Ni kawaida?

Mvua kubwa ya masika itakukatia hata ukiwa umefunga vizuri, kwa sababu matone hunyonya mawimbi ya masafa haya. Lakini manyunyu yakikuzimia picha, dishi halijafika katikati. Picha ya kidijitali haififii taratibu: iko safi hadi ubora unapofika kikomo, kisha inakatika ghafla. Ndiyo maana picha safi siku ya jua si ushahidi kwamba kazi imekamilika. Na ikikatika dakika chache mchana siku kadhaa mfululizo karibu na 21 Machi au 23 Septemba, usipande juu: jua linapita nyuma ya setilaiti, na litaondoka lenyewe.

Fundi akimaliza, mwambie akuonyeshe ubora kwenye skrini, uandike namba hiyo na tarehe nyuma ya king'amuzi. Siku picha zitakaposumbua, namba ikiwa ile ile, usilipie kutega dishi upya.